Kona inayomjia mtazamaji: kuchora jukwaa kwa mtindo wa Bibiena

Katika karne ya 17, mapazia ya nyuma ya majukwaa ya Italia yalichorwa kama barabara iliyonyooka: mistari yote hupotelea katikati, ikielekeana na kiti cha mtawala. Ferdinando Galli Bibiena, Mwitaliano mbunifu wa majukwaa, aliligeuza jengo, kona ikamjia mtazamaji. Mbinu hiyo, scena per angolo (yaani jukwaa la kutazamwa kikona), aliieleza katika kitabu alichochapisha Parma mwaka 1711.

Hatua ya 1. Laza karatasi ya A3 sakafuni, si mezani. Piga mstari wa upeo, yaani usawa wa macho ya mtazamaji, sentimita 5 tu kutoka ukingo wa chini. Wanaoanza huuweka katikati, na jumba la kifalme hugeuka kibanda.

Hatua ya 2. Sentimita 15 kutoka ukingo wa kushoto, simamisha mstari wima. Hiyo ndiyo kona. Chini iishie sentimita 3 kutoka ukingoni. Juu iache ivuke karatasi.

Hatua ya 3. Nukta mbili za kupotelea, mistari inapokutania, zinakaa kwenye upeo uleule, ila nje ya karatasi: moja sentimita 25 kushoto kwa ukingo, nyingine sentimita 60 kulia kwake. Ndiyo maana tuko sakafuni. Bandika utepe, weka alama, tumia uzi badala ya rula. Niliwahi kuzibana zote mbili ndani ya karatasi, na jengo likanitokea kama ncha ya mkuki.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Konani pima nguzo ya kwanza, sentimita 18 kwenda juu. Kutoka kichwani, kiunoni (katikati kabisa) na mguuni mwake vuta mistari mitatu hafifu hadi nukta ya kulia. Nguzo ya pili ipange kwa jicho, sentimita 6 hivi kutoka konani. Sasa anzia kichwa cha nguzo ya kwanza, pita kiunoni mwa ya pili, endelea hadi ugonge mstari wa chini: hapo ndipo inaposimama ya tatu. Rudia. Nafasi zitasinyaa zenyewe bila hesabu. Kushoto fanya vivyo hivyo, ila anza na sentimita 4, maana nukta iko karibu.

Hatua ya 5. Kwa matao, vuta mishazari miwili kati ya nguzo na nguzo. Kilele cha tao kikae juu ya makutano yake.

Hatua ya 6. Paa usilichore. Matao ya juu yakatwe na ukingo wa karatasi, jicho litaongeza ghorofa lenyewe.

Hatua ya 7. Pitisha wino wa kahawia, tia kivuli upande mmoja wa kona, kisha weka watu. Waliosimama sakafuni, wa karibu na wa mbali, macho yao yote yaguse upeo. Konani macho yako sentimita 2 juu ya sakafu, na nguzo ni mara tisa ya hapo.