Kupiga Video ya Muziki wa Elektroniki kwa Vivuli vya Filamu za Kale za Ujerumani

Anayetaka kupiga video ya wimbo wa elektroniki hapa Bagamoyo kwa mtindo wa ekspreshonizimu ya Ujerumani (filamu za miaka ya 1920 zilizoonyesha hisia kwa vivuli vikali na maumbo yaliyopinda) hahitaji mitambo ya gharama, bali kitambaa, rangi, taa moja kali na chumba kinachoweza kuzibwa mwanga. Katika filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari ya Robert Wiene, iliyotoka mwaka 1920, vivuli vingi na hata miali ya mwanga vilichorwa kwa rangi kwenye seti yenyewe, hivyo wazimu wa wahusika ukaonekana ukutani kabla haujaonekana usoni.

Kwa hiyo anza na ukuta, kamera itafuata. Kuta za mawe za majengo ya kale ya mji huu zinavutia, lakini hazipakwi rangi, na kupiga picha ndani yake kunahitaji kibali. Nunua marekani, uiwambe kwenye fremu ya mirunda, kisha uchore milango iliyopinda, dirisha lililolala upande na kivuli cha nguzo ambayo haipo. Tumia rangi ya maji isiyong'aa, kwa sababu rangi ya mafuta hurudisha mwanga wa taa na kuufichua udanganyifu wote.

Kisha zima taa zote, ubakize moja ndogo isiyofunikwa, iliyowekwa karibu na sakafu. Taa ndogo hutoa kivuli chenye kingo kali; mwimbaji akiisogelea kivuli chake hukua, akiusogelea ukuta hupungua, na hivyo unaweza kupata kivuli kirefu cha kutisha kama kile kinachopanda ngazi katika filamu ya Nosferatu ya F. W. Murnau ya mwaka 1922. Kwenye simu, funga kipimo cha mwanga kisibadilike, la sivyo kamera itajiongezea mwanga yenyewe na weusi utageuka kijivu. Usoni, poda na wanja mzito vinatosha.

Mwendo ndio unaounganisha picha na mdundo. Mpigie mwimbaji wimbo kwa asilimia 75 ya kasi yake, aimbe akiufuata, halafu katika uhariri uharakishe picha hadi midomo ilingane na wimbo halisi: mikono itakuwa na ule mshtuko wa filamu bubu bila mwimbaji kuuigiza.

Muziki wa elektroniki umechota zaidi kwenye Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927 kuhusu jiji la wakati ujao. Kraftwerk, kundi la muziki wa elektroniki la Ujerumani, walitoa wimbo wenye jina hilo mwaka 1978. Mwaka 1984 mtayarishaji wa muziki Giorgio Moroder aliitoa upya filamu hiyo ikiwa na nyimbo za kisasa, na bendi ya Queen wakatumia vipande vyake katika video ya Radio Ga Ga. Mwaka 1989 mwongozaji David Fincher alijenga jiji la aina hiyo kwa ajili ya video ya Express Yourself ya Madonna. Wanaoiga leo huishia kwenye vazi la roboti wa filamu hiyo, ilhali (kwa maoni yangu) kilicho bora zaidi ni wale wafanyakazi wake wanaotembea vichwa chini, hatua moja kwa wote. Wacheza ngoma wanane waliovaa kanzu nyeusi, wakikanyaga kwa pigo la besi, watakupa hilo.

Mwisho wa uhariri, usiiache video nyeusi na nyeupe tupu. Filamu nyingi za wakati ule zilitiwa rangi moja kwa kila onyesho. Tia buluu kwenye usiku na kahawia iliyokoza kwenye mchana, ubadilishe rangi pale kiitikio kinapoanza.