Mkila Kiitaliano Kisumu na familia

Mkiwa likizoni Kisumu na mkaingia mkahawa wa Kiitaliano, ule wa sahani kubwa za kula pamoja, msikubali kila mtu aagize yake. Muulizeni mhudumu sahani moja ya pasta inatosha wangapi, kisha agizeni pungufu. Kuongeza ni rahisi. Kwa pizza angalieni inchi: moja ya inchi 14 inakaribia kabisa ukubwa wa mbili za inchi 10, na mara nyingi bei yake iko chini ya hizo mbili. Spageti ikifika pakueni papo hapo, maana jibini ikipoa inagandamana, watoto wakaanza kuvutana nayo mezani. Ya kufungiwa ni lazanya, bora mlikofikia kuna friji. Asubuhi ikipashwa huwa tamu zaidi, kwangu mimi.