Msamaha wa mkopo wa chuo Marekani kwa watumishi wa umma: namna ya kuomba

Muuguzi wa hospitali ya kaunti, mwalimu wa shule ya umma, mfanyakazi wa shirika linalopokea wakimbizi: kama ulisoma Marekani kwa mkopo wa serikali kuu, sheria ya 2007 imekuwekea mpango unaoitwa PSLF. Ukishalipa marejesho 120 yanayokubalika huku ukitumikia umma, deni lililobaki linafutwa, na serikali kuu hailikati kodi ya mapato. Ni miaka 10, ila si lazima ifuatane. Ukiacha kazi kisha ukarudi, hesabu inaendelea pale ilipoishia.

Anza na mkopo wenyewe. Ingia StudentAid.gov, tovuti ya serikali kuu ya mikopo ya wanafunzi, usome jina la kila mkopo wako. Unaotakiwa una neno Direct. Ukikuta FFEL au Perkins, mikopo ya mipango ya zamani, omba kwanza uunganishwe kuwa mkopo mpya uitwao Direct Consolidation Loan, la sivyo utalipa miaka na miaka bila kuhesabiwa hata mwezi mmoja. Mkopo binafsi wa benki, usio wa mpango wa serikali kuu, haumo kabisa.

Kisha mwajiri, na hapa ndipo wengi wetu hukwama. Haiangaliwi unafanya kazi gani, inaangaliwa nani anakulipa. Unaweza kuwa unasafisha wodi za hospitali ya serikali, lakini kama mshahara unatoka kampuni ya wakala, hiyo kampuni ndiyo mwajiri wako. Chukua fomu yako ya W-2, ile ya mwaka inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa, tazama kisanduku b: utaona EIN, namba ya mwajiri yenye tarakimu 9. Iingize kwenye sehemu ya kutafuta waajiri katika StudentAid.gov, upate jibu. Serikali za ngazi zote zimo, pamoja na mashirika yasiyo ya faida yenye hadhi ya 501(c)(3), yaani yaliyosamehewa kodi ya mapato. Saa zako zifike 30 kwa wiki. Vibarua viwili kwa waajiri wanaokubalika hujumlishwa.

Chagua mpango wa malipo unaofuata kipato. Ukibaki kwenye ule wa kawaida wa miaka 10, deni litaisha kabla hakijabaki cha kusamehewa. Rejesho dogo linahesabiwa sawasawa na kubwa.

Sasa fomu. Fungua PSLF Help Tool, sehemu ya kujazia fomu ya PSLF kwenye StudentAid.gov, jaza tarehe uliyoanza kazi na barua pepe ya ofisa mwenye mamlaka ya kukusainia, kwa kawaida wa rasilimali watu. Mpigie simu kwanza, maana ujumbe wa kusaini huangukia kwenye barua taka kirahisi.

Nakusihi, usingoje hadi ufikishe 120. Tuma fomu kila mwaka, na kila unapohama kazi. Baada ya miaka 10 ofisa aliyekufahamu ameshaondoka, pengine shirika lenyewe limefungwa, na wewe unatafuta saini ya miezi 30 iliyopotea.

Ukifika 120, tuma ya mwisho ukiwa bado kazini kwa mwajiri anayekubalika. Yote haya ni bure. Anayekuomba ada au nenosiri lako ili "akuharakishie", mkatalie.