Kumlisha mbwa mchagua chakula mwenye tumbo dhaifu

Mbwa anayenusa bakuli kisha akaondoka huitwa mdekaji, lakini mara nyingi amekwisha kukihusisha chakula kile na maumivu ya tumbo. Mwenye mbwa akiona hajala, humbadilishia: leo wali, kesho dagaa, keshokutwa chakula kikavu cha dukani. Mabadiliko hayo ya ghafla humharisha zaidi, na juu ya hayo mbwa hujifunza kwamba akisusa ataletewa kitu kitamu zaidi.

Kwanza mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe meno na fizi, na kinyesi chake kipimwe minyoo, kwa sababu hakuna mlo utakaomtuliza mbwa mwenye minyoo au jino bovu.

Ikiwa tumbo limevurugika lakini mbwa mkubwa bado ni mchangamfu, mpe kwa siku 2 au 3 minofu ya kuku isiyo na ngozi, iliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala mafuta, ukiichambua vipande vidogo na kuichanganya na wali laini, sehemu 1 ya nyama kwa 2 za wali. Mgawie milo midogo 3 au 4 kwa siku, na maji safi yawepo wakati wote. Chakula hiki ni cha mpito tu, kwani hakina kalisi na madini mengine ya kutosha. Kinyesi kikishashikana, kiasi cha kuokoteka bila kuacha doa sakafuni, ingiza chakula cha kudumu kwa siku 7 hadi 10: robo, nusu, robo tatu, kisha chote. Kikilainika tena, rudi hatua moja nyuma.

Sasa ushughulikie kususa. Weka bakuli saa zilezile kila siku, liache dakika 15 hadi 20, kisha liondoe bila kumbembeleza wala kumpa kingine hadi mlo ufuatao. Unaweza kukipasha chakula kiwe vuguvugu, kwani harufu ndiyo humvuta mbwa kuliko ladha. Vitafunio visizidi sehemu ya 10 ya chakula chake cha siku, na wote nyumbani wakubaliane na hili, akiwamo mlinzi anayemrushia kipande cha chapati usiku.

Kuhusu ugali, ambao ndio chakula cha mbwa wengi wa kwetu, tatizo kubwa ni unga. Mahindi yaliyoota ukungu huwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na haiondoki kwa kupikwa, kwa hiyo kumtengea mbwa unga ulioharibika ni kumpa sumu, na mbwa anayeukataa ugali wa namna hiyo asilazimishwe. Mafuta ya nyama choma huweza kufanya kongosho, tezi inayosaidia kumeng'enya chakula, livimbe na kuuma, maziwa huwaharisha mbwa wengi wakubwa, mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali, na vitunguu vya aina zote, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Usimpe kamwe dawa za maumivu za binadamu.

Akikataa chakula kwa saa 24, akitapika mfululizo, akihara damu au fizi zake zikikauka, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Mtoto wa mbwa anayehara na kutapika asisubiri hata saa hizo, hasa kama hajamaliza chanjo.