Kabla hujachukua mtoto wa mbwa umlee awe mbwa wa kuongoza wasioona, jiandae hivi

Sisi tunaoishi Marekani na Uingereza tunakutana sana na matangazo ya shule za mbwa wa kuongoza wasioona wakitafuta familia za kujitolea kulea mtoto wa mbwa, na wengi wanadhani ukimchukua ni wewe utamfundisha kuongoza. Hapana. Hiyo atafundishwa shuleni na watu wenye fani yao. Wewe unapewa akiwa na wiki kama 8, mara nyingi ni Labrador au Golden Retriever, unakaa naye mpaka miezi 14 hadi 18 hivi halafu unamrudisha, na katikati hapo kazi yako ni awe na adabu, azoee watu na asishtuke na makelele. Ila adabu yenyewe inaanza na binadamu wa hapo nyumbani.

Kwa hiyo kwanza kaeni kikao, na mzee au bibi anayeishi nanyi awepo, maana mbwa huyu analala ndani, si nje getini kama tulivyozoea. Suala la dini msilipitie juu juu. Wengi wetu wa pwani ni Shafii na mate ya mbwa ni najisi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, sasa kama kuna mtu anaswali hapo ndani kubalianeni kabisa chumba gani mbwa haingii na nani atahakikisha mlango umefungwa. Kama kuna mmoja hataki kwa moyo wake, mi nakushauri uache tu, mbwa akilelewa kwenye nyumba ya ugomvi haitamsaidia mtu.

Halafu kuna chakula, na hapa ndo kwetu pagumu. Mbwa anakula chakula chake kikavu cha kupima, kwa saa zake, basi. Sasa mgeni kaja, kakaa kwenye pilau, mkono mmoja uko juu ya sahani na wa pili chini ya meza unampenyezea mbwa kinofu, anaona anafanya wema! Kwanza vitunguu ni sumu kwa mbwa, na chakula gani chetu hakina kitunguu jamani, mchuzi, pilau, maharage, vyote vimo, na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha vinaweza kumtoboa utumbo. Pili, fikiria huyo mbwa baadaye yuko na asiyeona barabarani, kaona kipande cha kuku kimeanguka, kakifuata na asiyeona aliyeshika mpini wa mkanda wake naye anavutwa bila kujua kuna nini. Ndo maana unakuwa mkali. Mwambie shangazi mapema, kabla hajavua viatu. Na shule nyingi hawapendi umzoeze kukimbilia mpira kwa sababu hiyo hiyo.

Choo nacho kina utaratibu. Unamtoa akiwa na kamba, unasimama naye sehemu moja, unamwambia neno moja lile lile kila siku, Uingereza wanatumia "busy busy", akimaliza unamsifu, na unaokota uchafu mwenyewe. Mzoeze kwenye nyasi, kwenye lami, kwenye changarawe, ili kesho asije akagoma kisa hakuna nyasi. Akiwa mdogo hawezi kujizuia usiku kucha, kwa hiyo weka koti na viatu mlangoni maana theluji haisubiri ujipange.

Ndani pia panga upya: waya za chaja, soksi, viatu, midoli ya watoto, vyote juu, meno ya utoto yanaanza kung'oka akiwa na kama miezi minne na hapo anatafuna chochote. Nunua keji ya kulala, iweke chumbani kwako siku za mwanzo.

Gharama uliza shule yako maana hazifanani. Uingereza shirika la Guide Dogs linatoa chakula na kulipa daktari, Marekani kuna shule zinalipa daktari ila chakula unanunua wewe. Uliza pia chanjo zinaisha lini, kabla ya hapo usimshushe chini sehemu wanazopita mbwa wasiojulikana, unambeba mikononi tu asikie treni, mabasi na kelele za soko, maana wiki hizo za mwanzo ndo anajenga ujasiri.

Kitu ambacho watu hawajui, kile kijaketi anachovaa mbwa wa mafunzo sio pasi ya kuingia kila mahali. Sheria kuu ya walemavu ya Marekani, ADA, inamlinda mbwa aliyeshafuzu, huyu wa mafunzo anategemea sheria ya jimbo lako, na kwenye ndege ni hiari ya kampuni. Kwa hiyo kazini kwako omba ruhusa kwa maandishi, na kama umepanga, kwa mwenye nyumba pia.

Na kurudishwa je? Watoto waambieni tangu siku ya kwanza kwamba ataondoka, msisubiri mwezi wa mwisho. Wengi tu hawafuzu, mwingine nyonga mbaya, mwingine anaogopa magari, na mara nyingi shule inaanza kukuuliza wewe mleaji kama unamtaka abaki. Ukiongea na mwenye nyumba sasa hivi muulize na hilo, mkataba unaruhusu mbwa wa kudumu au huyu wa mafunzo tu, maana simu ya shule ikija wanataka jibu.