Nyonga legevu kwa mbwa mchanga: hatua kwa hatua

Mbwa wa miezi saba anakimbia, na miguu yake miwili ya nyuma inapiga ardhi kwa pamoja kama ya sungura. Watoto wanacheka. Akichoka anakaa, ila hakai wima: anaegemea paja moja, miguu kaitupa upande. Asubuhi akitaka kuinuka hujivuta kwanza kwa miguu ya mbele. Ukiyaona haya matatu kwa mbwa mmoja, acha kusema ni mvivu.

Kazi yangu ni tiba ya mazoezi kwa mbwa, yaani napokea wale ambao daktari wa mifugo ameshawapiga picha. Wenye mbwa wengi hunijia wamebeba neno "displasia", jina la kitaalamu la nyonga legevu, kama hukumu. Basi tuanze na nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo kama mpira, nacho hukaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Mtoto wa mbwa huzaliwa nyonga zake zikiwa sawa. Ulegevu huja anapokua, misuli na kano zinaposhindwa kuukaza mpira ndani ya kikombe chake. Mpira ukichezacheza, kikombe kinatandaa, gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, inalika, na mwili unaota mfupa pembeni ili kukituliza kiungo. Urithi una mkono mkubwa hapo, hasa kwa German Shepherd, Labrador, Golden Retriever na Rottweiler. Lakini mbwa wawili wenye urithi mmoja wanaweza kuishia pabaya na pazuri kwa sababu ya uzito, sakafu na misuli, na hivyo vitatu viko mikononi mwako.

Hatua ya 1: Piga video kabla ya kwenda kliniki

Mbwa akiingia kliniki husahau kuchechemea. Woga na harufu ngeni vinamfunika maumivu. Mrekodi nyumbani: akitembea ukiwa nyuma yake, akikimbia polepole ukiwa ubavuni, na akiinuka asubuhi kabla hajapashika mwili. Sekunde 20 kila kipande zinatosha. Zihifadhi, na kila mwezi rudia mahali palepale. Bila hizo utakuwa unabishana na kumbukumbu yako.

Hatua ya 2: Picha, na uulize umri

Daktari atamlaza kwa dawa, maana misuli iliyokaza huficha ulegevu. Akiwa amelala atalisukuma paja na kulifungua taratibu, akitega mkono usikie "tk" ya mpira ukirudi kikombeni. PennHIP, kipimo cha picha kinachopima ulegevu wa nyonga, kinaweza kufanywa kuanzia wiki ya 16, wakati cheti cha nyonga cha OFA, shirika la Marekani la afya ya mifupa ya wanyama, husubiri mbwa atimize miezi 24. Kwa mbwa anayeumwa leo, miezi 24 ni mbali mno.

Umri ni muhimu kwa sababu ya upasuaji. Ule wa kuunganisha mapema sehemu ya chini ya fupanyonga hufanywa takriban kati ya wiki ya 12 na ya 20. Ule wa kukata fupanyonga na kukigeuza kikombe kifunike mpira vizuri huhitaji mbwa ambaye kwa kawaida hajatimiza mwaka, na ambaye gegedu yake haijaharibika. Baada ya hapo hubaki kubadilisha nyonga nzima, au kukiondoa kichwa cha paja ili misuli ishike nafasi yake. Hata kama hufikirii kisu kabisa, muulize daktari: "Kwa umri wake wa leo kuna upasuaji gani, na mwisho wa kuufanya ni lini?" Wengi huuliza swali hili mbwa akiwa na miezi kumi na minne, muda umeshapita.

Halafu picha isikutishe. Nimeona picha mbaya za mbwa wanaokimbia bila shida, na picha za wastani za mbwa walioshindwa kuinuka. Mimi humtazama mbwa kwanza.

Hatua ya 3: Uzito

Hapa ndipo ninapogombana na familia. Kila mtu anataka mtoto wa mbwa anenepe, aonekane ameshiba. Kwa nyonga legevu, kila kilo ya ziada inakaa juu ya kiungo kisichoshika.

Mpime hivi, kwa kulinganisha mbavu zake na mkono wako. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikihisi hivyo, amekonda. Fungua kiganja, gusa vifundo kwa upande wa ndani, penye nyama: mbavu zikihisi hivyo, amenenepa. Sasa nyoosha mkono na upapase mgongo wa kiganja, pale mifupa inapohisika chini ya ngozi nyembamba. Mbavu za mbwa huyu zihisi hivyo. Ukimtazama kwa juu awe na kiuno.

Kuna utafiti wa Marekani uliofuatilia Labrador 48, ndugu wa tumbo moja wakiwekwa wawili wawili tangu utotoni. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa robo ya alichokula mwenzake. Waliopunguziwa walichelewa kupata ugonjwa wa viungo, na waliishi karibu miaka 2 zaidi. Sijui kidonge chenye matokeo kama hayo.

Kwa vitendo: pima chakula kwa mizani, si kwa kikombe. Asubuhi toa sehemu ndogo ya mgao wa siku uiweke kwenye kopo. Zawadi zote za siku zitoke humo, nani atakayempa si hoja. Kopo likiisha, limeisha. Akiwa bado anakua, mpe chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa wa jamii kubwa, na usimwongezee kalsiamu. Kalsiamu ikizidi huvuruga ukuaji wa mifupa.

Hatua ya 4: Sakafu

Tandika mikeka ya mpira anapopita, anapokula na anapoinukia. Kata kucha, punguza manyoya kati ya vidole. Zuia ngazi: utafiti wa Norway ulikuta kwamba watoto wa mbwa waliotumia ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya displasia, na waliocheza huru nje kwenye ardhi laini hatari yao ilipungua.

Hatua ya 5: Misuli

Nilipoanza kazi hii nilimwambia mwenye Labrador mmoja ampumzishe kabisa mbwa wake kwa wiki sita. Alinitii. Mbwa alirudi na mapaja membamba kama ya mbwa mzee, anayumba kuliko alivyokuja. Kosa langu. Mpumzishe asiruke, asikimbizane, asigeuke ghafla akifuata mpira, ila atembee.

Matembezi matatu ya dakika kumi kwa kamba ni bora kuliko saa nzima mwishoni mwa wiki. Nenda polepole mpaka uone kila mguu unakanyaga peke yake. Ukienda haraka atarudia kuruka kama sungura na misuli haitafanya kazi.

Zoezi ninaloanza nalo ni kukaa na kusimama. Mweke ubavu wa mguu mbovu ukigusa ukuta, ili asiweze kuutupa nje. Mwite akae, mwite asimame, mara tano, asubuhi na jioni. Siku za kwanza atadanganya kwa kusukuma na miguu ya mbele. Shikilia zawadi juu kidogo ya pua, karibu na kichwa, asipate nafasi ya kujirusha mbele. Akishaweza kumi bila kuyumba, ongeza mteremko mdogo wa kupanda. Kuogelea ni kuzuri sana ikiwa kuingia na kutoka majini hakutelezi.

Kipimo chako ni asubuhi ya pili. Akiamka amekakamaa kuliko jana, punguza nusu.

Hatua ya 6: Dawa

Carprofen na meloxicam, dawa za maumivu na uvimbe, huandikwa na daktari, kwa uzito wa mbwa, mara nyingi na vipimo vya damu vya ini na figo. Usimpe ibuprofeni, diklofenaki wala parasetamoli ya kwako. Akitapika, akikataa kula, au kinyesi kikiwa cheusi kama lami, simamisha dawa na upige simu siku hiyohiyo. Mafuta ya samaki husaidia kiasi. Muulize daktari kipimo.

Hatua ya 7: Siku mbaya

Zipo. Pitisha taulo chini ya tumbo, karibu na mapaja, umsaidie kuinuka. Weka kitambaa cha joto nyongani dakika kumi, kisha umtoe kujisaidia tu. Lakini mguu usiokanyaga kabisa si jambo la kusubiri: huenda ni kano ya goti iliyokatika, na nyonga inasingiziwa bure.

Usimzalishe. Kuhusu kumhasi, kwa mbwa wa jamii kubwa zungumza na daktari juu ya kusubiri mifupa ikomae. Na mpigie aliyekupa au aliyekuuzia mbwa, umwambie matokeo ya picha. Ndugu zake wa tumbo moja wako kwenye nyumba nyingine, pengine bado hawajapigwa picha.