Jinsi ya kuchapa na kusoma insha za Samuel Johnson ukiwa mbali na maktaba inayotunza vitabu vyake

Nina duka la steshenari Rahaleo, Lindi mjini. Wateja wengi wanaleta vyeti vya kuzaliwa na fomu za vyuo, lakini wapo walimu wa Kiingereza na wazee wastaafu wanaokuja na flashi na kuniambia, “Dada, nitolee hiki.” Nikifungua nakuta kitabu cha karne ya 18, kurasa za njano, herufi za ajabu. Mara nyingi ni cha Samuel Johnson, mwandishi Mwingereza. Kwa kuwa maswali yao yanafanana, nayajibu hapa kwa pamoja.

Wengi wanamjua kwa kamusi yake ya Kiingereza ya 1755. Insha zake ndizo zinazosomeka jioni. Mfululizo wa The Rambler ulitoka Jumanne na Jumamosi, kuanzia Machi 1750 hadi Machi 1752, zikafika 208, na karibu zote aliziandika mwenyewe. The Idler ulifuata 1758 hadi 1760, kila Jumamosi, ndani ya gazeti la wiki. Anza na The Idler. Ni fupi na zina utani. Sentensi za The Rambler zinakwenda umbali mrefu kabla hujakutana na kitenzi, na juu ya kila insha kuna maneno ya Kilatini au Kigiriki yanayowakatisha watu tamaa bure. Yaruke, nakala nyingi za kitabu zimeweka tafsiri ya Kiingereza papo hapo.

Sasa, faili gani? Kuna aina mbili. Maandishi yaliyopigwa chapa upya, kama ya tovuti ya Project Gutenberg, ni mepesi na yanafunguka hata kwenye simu ndogo. Picha za kitabu chenyewe, kama zile za tovuti ya Internet Archive, zinakula bando, ila zinakuonyesha kitabu kilivyokuwa. Mimi nashauri uwe na zote mbili: ya kwanza ya kusoma, ya pili ya kuhakikisha. Vitabu vyenyewe vimetunzwa kwa wingi katika maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwenye mkusanyo wa Donald na Mary Hyde, watu waliokusanya Johnson maisha yao yote. Huwezi kuvishika ukiwa Lindi, lakini orodha ya maktaba unaweza kuisoma mtandaoni, na kitu cha kutazama humo ni mwaka wa toleo.

Mwaka una maana, na nitakupa mfano mmoja. Fungua The Idler namba 22. Ukikuta inazungumzia watu waliofungwa kwa sababu ya madeni, basi nakala yako inafuata kitabu cha 1761. Namba 22 ya gazetini, Septemba 1758, ilikuwa nyingine kabisa. Humo mama tumbusi anawafundisha wanawe kutafuta riziki. Anawaambia nyama ya binadamu ndiyo bora, na kwamba wakisikia kishindo na kuona moto ardhini waruke upesi kuelekea huko, maana watu wanauana. Watoto wanauliza swali la maana: kama hawalani, wanauana kwa nini? Mama hana jibu lake mwenyewe. Anawasimulia aliyoyasema tumbusi mmoja mzee, kwamba mtu ni mmea tu uliopewa kutembea, na kama dhoruba inavyogonganisha matawi ya mwaloni ili nguruwe wapate kokwa, ndivyo watu wanavyogonganishwa ili tumbusi wale. Uingereza wakati huo ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Saba. Insha zilipokusanywa kitabuni, hii iliachwa nje na namba zikasogea. Wahariri wa baadaye wameirudisha, kwa hiyo tazama mwishoni mwa juzuu, au tafuta toleo la Chuo Kikuu cha Yale la kazi za Johnson, juzuu ya pili. Kwangu hiyo ndiyo insha ya kuanza nayo.

Kwenye picha utakutana na s ndefu, ſ, umbo la zamani la herufi s. Wengi wanaisoma f. Tofauti ni kistari: cha f kinakata mstari wa wima wa herufi pande zote mbili, cha s ndefu kinachungulia kushoto tu, na pengine hakipo. Mwisho wa neno hutumika s ya kawaida. Kuwa makini na neno kama ſame (yaani same, ileile), kwa sababu Johnson anapenda sana kuzungumzia fame (umaarufu), na yote mawili yanaweza kuleta maana. Kompyuta nayo inadanganyika: ukitafuta wisdom kwenye faili la picha usipate kitu, andika wifdom.

Kabla ya kuchapa, tazama chini kulia kwa kila ukurasa. Pana neno moja limesimama peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yasipolingana, aliyepiga picha ameruka kurasa, na ni afadhali ujue hapo kuliko baada ya kunilipa.

Kuchapa kwenyewe: chagua nyeusi na nyeupe, usichague kijivu. Ukiacha kijivu, njano ya karatasi inageuka wingu na tona inaisha kabla ya insha ya kumi. Ongeza kidogo tofauti ya weusi na weupe (contrast) ili kivuli cha maandishi ya upande wa pili kipotee. Karatasi ya zama hizo ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ndiyo maana bado ni imara kuliko magazeti mengi ya karne ya 20. Yetu ya rimu haina ubavu huo. Hapa pwani inavuta unyevu usiku mmoja tu, asubuhi mashine inameza mbili mbili na kukwama. Rimu iliyofunguliwa irudishe kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, na uiweke juu ya meza, isikae sakafuni.

Kurasa mbili za kitabu zinakaa vizuri kwenye A4 moja ikilazwa. Mzee mwenye miwani apewe ukurasa mmoja kwa karatasi, asibishane na mtu. Ukitaka nyuma na mbele, sema mapema kabla sijaanza kuchapa.